Kuteka na Kutekwa

Mwishoni mwa mwaka 2017, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi. Kwa taarifa zilizokusanywa mwanzoni, asilimia 74 kati yao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mpango ule haukumtegemea mwalimu. Ndani ya vishikwambi mlikuwa na michezo ya herufi na namba iliyotengenezwa na timu tano zilizofika fainali ya shindano la Global Learning XPRIZE, na kijijini palikuwa na mahali pa kuchajia kwa umeme wa jua. Swali la shindano lilikuwa rahisi kulitamka: mtoto akiachwa na mashine inayompendeza, anaweza kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu?

Baada ya miezi 15, idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya onebillion ya London na Kitkit School, ambayo waanzilishi wake walifanya kazi kati ya Berkeley, Marekani, na Seoul, Korea Kusini. Wapo waliosema huu ni muujiza. Wapo waliosema kwamba nusu iliyobaki nayo ni watoto. Mimi nataka kuuliza jambo ambalo pande zote mbili huliruka. Mtoto yule aliyekaa na kishikwambi hadi akasoma, nini hasa kilimkalisha? Na aliyemkalisha alikuwa na haki ya kumkalisha kwa njia hiyo?

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho kimenisaidia katika hili kuliko makala nyingi ninazosomeshwa kwenye shahada ya uzamili. Tunateka maji kisimani. Majambazi wanateka basi. Mwimbaji mzuri anateka hadhira. Katika matumizi ya kwanza, anayeteka ni yule mwenye haja: huja na ndoo yake, huchukua kinachomtosha, huondoka. Katika matumizi ya pili, mwenye haja ni mwingine, na aliyetekwa hana la kuamua. Matumizi ya tatu yako katikati, na ndiyo maana yanatuchanganya. Tunaposema mchezo fulani wa masomo umemteka mtoto, tunasema kwa kusifu. Lakini mtoto huyo ni mwenye ndoo, au ni abiria?

Nisingelipa jambo hili uzito kama lisingefika kwetu likiwa suala la fedha. Kwetu ni Binza, mkoani Simiyu, ambako mwaka hupimwa kwa pamba. Dada yangu mkubwa alipolipwa pamba yake aliniuliza kama amnunulie mwanawe kishikwambi chenye michezo ya masomo. Mtoto ana miaka saba na yuko darasa la kwanza. Nyumbani anazungumza Kisukuma, darasani anakutana na Kiswahili, na darasa lenyewe lina watoto zaidi ya mia moja kwa mwalimu mmoja. Bei ya kishikwambi ni kama ya mbuzi watatu. Dada hakuuliza kwa sababu ya fasheni. Kila msimu yeye husimama mbele ya mizani ya pamba na kuamini macho ya mtu mwingine, kwa sababu namba zile hazimkai. Anataka mwanawe aisome mizani ile.

Nilipokuwa likizo niliweka michezo miwili kwenye simu yangu, nikamtazama mtoto akicheza kwa wiki tatu. Mchezo wa kwanza ulimwuliza jumla na kumpa majibu matatu achague. Akipatia, nyota inaruka, ngoma inalia, sarafu zinaongezeka. Kufikia siku ya pili alikuwa ameshagundua kwamba kukosea hakumgharimu kitu, kwa hiyo akawa anagusa majibu yote matatu haraka haraka mpaka nyota iruke. Alikuwa akifikiri, tena vizuri. Ila hakuwa akifikiria namba. Aliweza kukaa nao saa nzima, na chaji ilipokata aliniuliza, "Mama mdogo, simu itajaa saa ngapi?"

Mchezo wa pili ulikuwa mizani tu yenye sahani mbili. Unaweka vitu upande huu na upande ule mpaka mti usimame sawa. Hauna nyota wala sarafu, na ukikosea, mizani inalala upande mmoja, basi. Huu hakuwahi kuucheza zaidi ya dakika kumi. Tukipima kwa muda, mchezo wa kwanza unashinda kwa mbali. Lakini baada ya ule wa pili alikuwa anaondoka na kwenda nyuma ya nyumba. Siku moja nilimfuata, nikamkuta amefunga kamba katikati ya kijiti, ameninginiza vifuniko viwili vya chupa, na anapima kokoto dhidi ya punje za mahindi.

Mtoto mmoja si utafiti, na sitaki kumgeuza kuwa ushahidi wa kila kitu. Lakini upo utafiti wa zamani unaoelekea huko huko. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto waliokwisha kuonyesha kwamba wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine walipewa cheti kile kile bila kukitarajia. Wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Walioahidiwa cheti walichora kwa takribani nusu ya muda waliotumia wenzao. Zawadi yenyewe haikuwa na kosa, maana waliopewa bila kutarajia hawakupoteza hamu. Tatizo lilikuwa maelewano: chora ili upate. Mtoto husikia ndani ya maneno hayo kwamba kuchora ni bei, na kinachotafutwa ni kingine.

Hapa ndipo jambo linapokuwa la maadili na si la ufundi tu. Hila hii ilikuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1693 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alishauri wazazi wabandike herufi kwenye dadu na vitu vya kuchezea, ili mtoto ajifunze kusoma akidhani anacheza. Locke hakuficha kwamba hiyo ni namna ya kumlaghai mtoto. Aliona ulaghai huo ni mwema kuliko fimbo. Na kweli, nani angechagua fimbo? Sisi tuliosoma shule za msingi za vijijini tunaijua ile njia nyingine ya kumkalisha mtoto kitini. Ikiwa chaguo ni nyota au kiboko, mimi nachagua nyota bila kusita.

Ila kumlaghai mtu kwa faida yake bado ni kumfundisha jambo. Mama anayeificha dawa chungu ndani ya asali anamtibu mtoto, na dawa haihitaji kupendwa ili ifanye kazi. Namba si dawa. Mtu anayeimeza namba pasipo kuionja hatairudia siku ambayo asali haipo. John Dewey, mwaka 1913, aliandika dhidi ya tabia hii ya kulichukua somo lililokufa na kulipaka kitu kitamu. Hoja yake ilikuwa kwamba hamu haipakwi juu ya jambo kutoka nje. Hupatikana pale jambo lenyewe linapohitajika katika shughuli ambayo mtoto ameshaanza kuifanya.

Wasukuma hatukuhitaji kumsubiri Dewey ili kuijua tofauti hiyo. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Vikundi vya kulima viliingia shambani na ngoma, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na ekari ambayo ingemchosha mtu mmoja kwa siku nyingi ikaisha kwa furaha. Leo tunaiona zaidi jukwaani, majembe yakirushwa hewani na kudakwa. Kuna mtu atasema hiyo nayo ni hila, kazi imepakwa asali. Mimi naona si hivyo. Katika bugobogobo jembe halijafichwa; jembe ndilo linalocheza. Ukiliondoa, hakuna ngoma iliyobaki, na ukikosea mdundo unakosea pia kulima. Sasa chukua ule mchezo wa nyota uondoe namba, uweke maswali ya majina ya wanyama au rangi za matunda. Nyota zitaruka vile vile, ngoma italia vile vile. Namba zilikuwa mgeni tu mle ndani.

Kwa hiyo nadhani kipimo cha kwanza cha mchezo wa masomo ni hiki: kile unachotaka kumfundisha mtoto kikiondolewa, je, mchezo unaanguka? Bao linaanguka. Watoto wanaochimba mashimo ardhini na kugawa kokoto hawapewi nyota kwa kuhesabu sawasawa. Wanahesabu kwa sababu asiyehesabu analiwa. Ule mchezo wa mizani nao unaanguka. Ule wa nyota unaendelea kusimama, na hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Nimeshasikia jibu la kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Kwa mtoto aliye wa mia moja na ishirini darasani, mashine inayorudia neno la Kiswahili mara hamsini bila kukunja uso ni rehema. Haimcheki kwa lafudhi yake. Haimwambii anyamaze. Hoja hii naikubali yote, na naiona kuwa nzito kuliko zile za maendeleo ya teknolojia. Mtoto anayetoka kwenye Kisukuma akaingia darasa la Kiswahili anahitaji kusikia na kurudia kwa muda mrefu bila aibu. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kufika pia Simiyu, ulilijibu hitaji hilo kwa njia nyingine: madarasa ya utayari ambamo mtu kutoka kijiji kile kile aliwasimulia hadithi na kucheza nao watoto ambao lugha ya nyumbani kwao si Kiswahili, kabla hawajaanza shule. Yule naye alikuwa mvumilivu, na aliweza pia kuulizwa "kwa nini".

Lakini uvumilivu wa mashine si kitu kimoja na chambo chake. Mashine inaweza kurudia neno bila kurusha sarafu. Na ni haki kuuliza kila sarafu inarushwa kwa ajili ya nani. Michezo ya lile shindano la Tanga iliachwa wazi ili mtu yeyote aitumie na kuibadilisha. Hakuna aliyelipwa kwa kila dakika ya mtoto. Michezo mingi tunayoipakua bure kwenye simu inalipwa kwa matangazo, na tangazo linahitaji mtoto abaki. Mwalimu mzuri hufanya kazi ili siku moja asihitajike. Mchezo unaoishi kwa matangazo hauwezi kulitaka hilo, hata kama umechorwa na watu wenye nia njema.

Haya yote nilimweleza dada, kwa maneno mafupi zaidi. Nikamwambia asitazame mtoto amekaa muda gani. Atazame anafanya nini simu ikizimwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe una muda wa kutazama. Mimi nina palizi."

Sikuwa na jibu la haraka, na bado naliona neno hilo kuwa gumu kuliko lolote nililolisoma. Ushauri mwingi kuhusu watoto na mashine unaandikwa kana kwamba kila mtoto ana mtu mzima asiye na shughuli ameketi pembeni. Kishikwambi kinavutia Binza kwa sababu kinaahidi kitu ambacho hakipo: macho ya ziada juu ya mtoto. Ndiyo maana lawama za "watoto wa siku hizi wametekwa na simu" hunikera kidogo. Mara nyingi mtoto ametekwa mahali ambapo palikuwa tupu.

Tulichokubaliana ni kidogo. Mbuzi hawakuuzwa. Mchezo wa mizani, ambao hauhitaji bando wala hauna matangazo, uko kwenye simu ya dada, na binti yake wa darasa la tano anaucheza pamoja na mdogo wake jioni, kwa Kiswahili, kwa sababu yeye anakijua na ana uvumilivu wa kiasi. Wanagombana mara kwa mara kuhusu zamu. Sijui mchezo upi wa masomo unaogombaniwa hivyo bila nyota yoyote, isipokuwa bao.

Wanaotengeneza michezo hii wana takwimu nyingi: dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, hatua ya ngapi. Hizo zinatuambia mtoto alitekwa kiasi gani. Kuhusu alichoteka yeye, akaondoka nacho, ni lazima mtu atoke nje akatazame, na mtu huyo lazima awe na muda. Msimu wa pamba utakapofunguliwa tena, magunia yatapandishwa kwenye mizani na mtoto atakuwa amesimama kando ya mama yake. Pale hakuna ngoma italia akiisoma namba sawasawa. Nataka aisome kwa sababu anataka kuijua.