Trekta Lililozibwa Mdomo kwa Rangi

Mzee mmoja wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, alikuwa na trekta kuukuu, Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Hakuwa mkulima. Trekta lake lilivuta tela la mchanga na kokoto kutoka upande wa Lunga Lunga hadi kwenye vijia ambavyo lori haliwezi kugeuka. Boneti ilikuwa imepauka na tumbo la injini limeganda mafuta na vumbi, lakini asubuhi likipigwa stata liliwaka bila kubembelezwa.

Alhamisi moja mkandarasi mwenye kazi ya miezi kadhaa alilizunguka trekta hilo, akakunja uso. "Mzee, kipendezeshe kidogo hiki chuma chako, Jumatatu tuanze."

Mzee akaenda kwa fundi mkongwe wa jua kali. Fundi akapapasa ekseli, akachungulia chini ya gia boksi. "Mzee mwenzangu, nipe wiki. Siku nyingi ni za kuosha na kukwangua. Rangi yenyewe ni ya mwisho." Mzee akaona anazungushwa. Hatua chache mbele alikuwapo kijana mwenye kompresa. "Lete, mzee. Kesho jioni ukuje uchukue, na nitakufanyia nusu ya hiyo bei."

Kijana alilimwagia ndoo mbili za maji, akalipangusa kwa kitambaa, akapuliza nyekundu juu na kijivu chini, umbali mdogo tu kutoka kwa jirani aliyekuwa akichomelea milango. Jumamosi trekta liling'aa. Akina mama wauza maji wakamtania: "Mzee, umenunua jipya?" Jumatatu kazi ikaanza.

Mwezi wa kwanza ulipita salama. Kisha rangi ikaanza kudai deni lake. Ilikuwa imejaa kati ya mapezi ya rejeta, hewa ikapita kwa shida, injini ikawa inachemka kila adhuhuri. Nipo za grisi zilikuwa zimefunikwa. Utingo wake hakuziona tena, na pini ya ekseli ya mbele ikasagika kavu. Kitundu cha kupumulia cha gia boksi kilizibwa, presha ikatafuta njia nyingine, ikasukuma mafuta kupitia sili za nyuma hadi kwenye breki. Masika yaliposhika, rangi iliyokaa juu ya grisi ilibambuka, na pale iliposhika kutu ikavimba chini yake. Mzee akakimbilia Barabara ya Kirinyaga kutafuta sili. Muuzaji akamuuliza nambari ya trekta, naye hakuweza kuisoma, maana bamba lake lilikuwa chini ya rangi. Akanunua kwa kukisia, na sili haikuingia. Mkandarasi akatafuta trekta jingine.

Alirudi kwa mkongwe kichwa chini. Fundi hakumcheka. "Trekta la kazi linapakwa ili lidumu na ili liseme," alimwambia. "Injini ikiwa safi, tone la mafuta linalovuja leo utaliona leo. Wewe umelipaka juu ya uchafu, ukaliziba mdomo."

Akaanza upya. Kwanza aliondoa grisi kwa dizeli na brashi, kisha akaosha kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu dizeli ikibaki rangi haishiki. Kila palipovuja alipatengeneza kabla ya kugusa kopo la rangi. Kutu aliitoa kwa brashi ya waya, na rangi ya zamani akaisugua kwa msasa uliolowa maji, kwani rangi kuukuu huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto wanaocheza uchochoroni. Alifunika bamba, nipo, rejeta, kitundu cha kupumulia na sili zote kwa tepu na magazeti. Alipaka praima ya kuzuia kutu, akaiacha ikauke. Alimwaga maji yaliyokusanyika kwenye tangi la kompresa, akavaa barakoa, akapuliza mbali na wachomeleaji. Ukungu wa thina hudakwa na cheche moja, na Mukuru inaujua moto: Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliwaka Sinai, jirani tu, ikaua takriban watu 100.

Mzee alipouliza kuhusu stika na michoro, fundi alimkumbusha kwamba kabla ya Massey hilo, kiwanda hichohicho cha Coventry kilitoa zaidi ya matrekta 500,000 ya Ferguson TE20, ya kijivu kitupu, na yalilima.

Mwishowe mzee alilipa mara mbili: rangi ya haraka na rangi ya kweli, mbali na sili, pini na kazi aliyoikosa. Usione vyaelea, vimeundwa. Nawe mwenye trekta, mkokoteni au mashine ya kusaga posho, ukikutana na fundi anayekuahidi kesho jioni, usimuulize kwanza bei wala rangi. Muulize ataosha kwa nini na atafunika nini. Akikosa jibu, ondoka na chombo chako.