Goti Halina Cheti

Hebu tuulizane swali moja, ndugu msomaji. Mzee anakuja mbele yako anachechemea. Anasema, "Goti hili liliharibika nilipokuwa jeshini, miaka arobaini iliyopita." Huna cheti cha kumkubalia, wala huna cheti cha kumkatalia. Umwamini au usimwamini? Wengi mtajibu haraka kwamba apelekwe kwa daktari. Mimi nasema daktari atatufikisha njiani tu, kwa sababu hili si swali la goti peke yake. Ni swali la haki: pale ukweli wote usipopatikana, hasara ya shaka aibebe nani?

Nchi ambayo swali hili limeandikiwa sheria na kubishaniwa mahakamani miaka nenda miaka rudi ni Marekani. Huko askari aliyetoka jeshini na ulemavu hudai fidia kwa Idara ya Maveterani, na akinyimwa hukata rufaa. Kwa kawaida hutakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba leo ana ulemavu, kwamba jeshini kuna jambo lilimfika, na kwamba ulemavu huu umezaliwa na jambo lile. Hilo la tatu ndilo linalowakwamisha wengi, na baridi yabisi ni bingwa wa kulificha.

Risasi ikikupata, siku na saa vinajulikana. Goti haliendi hivyo. Kijana anaruka na mwavuli, anashuka kwenye malori kwa kishindo, anatembea na mzigo mgongoni, na gegedu linasagika kidogo kidogo kama kisigino cha kandambili. Maumivu makali yanaweza kuja miaka ishirini baadaye, mwenyewe ameshakuwa fundi bomba na kitambi juu. Hapo mpimaji anasema, "Mzee, huu ni umri tu." Sheria yao inasema baridi yabisi ikijitokeza kwa kiwango kinachotakiwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka jeshini, itachukuliwa kuwa imetoka huko. Vizuri. Lakini goti halisomi kalenda.

Tena kuna ukimya. Jeshini, kama kwenye kundi lolote la vijana wa kiume, anayekwenda zahanati kila mara huitwa legelege. Basi kijana anameza vidonge viwili, anafunga bandeji, anarudi kwenye mstari. Miaka thelathini baadaye faili linafunguliwa, ndani yake kimya. Na mwamuzi anausoma ukimya ule kama ushahidi. Eti kwa kuwa hakulia, basi hakuumia! Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema maneno ya mdai yasitupwe kwa sababu hiyo peke yake, kwamba hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule.

Hata akishakubaliwa, kuna kupimwa. Goti zima hukunjika hadi nyuzi 140. Likiishia nyuzi 45 ni asilimia 10 ya ulemavu, likiishia 30 ni asilimia 20, likiishia 15 ni asilimia 30. Hesabu safi kabisa. Lakini kuna siku goti hukaa kama halina neno, na kuna siku mtu hashuki kitandani. Je, siku ya miadi ikiangukia siku njema? Mwaka 2017 mahakama ya maveterani ilisema mpimaji hana budi kuuliza juu ya siku mbaya hizo, asijifiche nyuma ya kwamba leo hakuziona. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema maumivu yenyewe, yakimzuia mtu kufanya kazi za mwili, yanaweza kuhesabiwa ulemavu hata kama daktari hajayapatia jina la ugonjwa. Unaona safari ndefu iliyopita hapo? Imehitaji majaji kusema jambo ambalo bibi zetu walilijua: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa turudi kwenye shaka. Sheria ya Marekani inasema ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana uzito, mdai ndiye apewe. Mwaka 1990 mahakama hiyo ya maveterani, iliyoundwa kwa sheria ya 1988, ilitoa mfano wa besiboli ya watoto wa mtaani: mpira na mkimbiaji wakifika pamoja, anapewa mkimbiaji. Wacheza chandimu mmenielewa.

Kuna jamaa watasema tukianza hivyo, kesho mji mzima utachechemea. Waongo wapo, sikatai, na fedha ni ya walipa kodi. Lakini makosa yanayowezekana hapa ni mawili. Kosa moja ni kumlipa asiyestahili. La pili ni kumnyima anayestahili. Lile la kwanza wanagawana mamilioni ya watu, kila mmoja senti yake. La pili linamwangukia mtu mmoja, tena palepale gotini.

Isitoshe, aliyeshika daftari ni nani? Tarehe 12 Julai 1973 ghala la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Missouri, liliwaka moto, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Mafaili hayo hayakuungua nyumbani kwa askari. Yaliungua mikononi mwa serikali. Sasa serikali hiyohiyo imwambie mzee alete cheti? Mwaka 1991 mahakama ilisema katika hali kama hiyo wajibu wa kueleza uamuzi na kuipima ile shaka kwa makini unazidi kuwa mkubwa. Hapo ndipo penye jibu langu: aliyeamuru mzigo ubebwe, na akashika daftari la wabebaji, ndiye aibebe shaka.

Utaniuliza, na kuli je? Yule wa sokoni anayebeba magunia tangu alfajiri, magoti yake ni ya chuma? Wengine hujibu kwamba askari hulipwa kwa sababu aliitetea nchi. Jibu hilo linanipa taabu. Kama fidia ni shukrani, siku hazina ikikauka shukrani nayo itakauka, na aliyepigana vita visivyopendwa hatapata kitu. Mimi naiona fidia kuwa deni. Na kama ni deni, basi kanuni hii haiishii kwenye lango la kambi. Inamfuata kila aliyeamuru na kila aliyebebeshwa. Tofauti ni kwamba kuli hana hata faili la kuungua.

Na sisi huku tunalo la kukumbuka. Kipo kisa kinachosimuliwa vitabuni, kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wazee wa Kiafrika waliopigania Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wazee walikusanyika Mwanza na wachache tu walikuwa na vyeti. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akatoa amri za kijeshi kwa Kijerumani. Mikono ikakumbuka yenyewe, na hakuna aliyekosea. Nakipenda kisa hiki, lakini kinanisumbua pia. Mkono unaweza kucheza gwaride mbele ya mlipaji. Goti linalouma litacheza nini?

Ndiyo maana nawaambia wenzangu tunaotaka kuandika riwaya. Tunatafuta visa vya majambazi na mapenzi ya mjini, kumbe mzee wa jirani amekaa barazani na ukurasa ambao haukuingia kwenye faili lolote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka umwulize ulikuwa na uzito gani, aliubeba kutoka wapi hadi wapi, na nani aliamuru. Kaandikeni majibu, na tarehe muweke.