Kununua Mbele ya Mashahidi

Neno la kusoma: Yeremia 32:6–15



Kashaulili ni moyo wa mji wa Mpanda. Wazee wajua ya kuwa mji huu ulikua kwa ajili ya madini ya risasi, hata reli ikajengwa kutoka Kaliua. Mgodi ule ulifungwa, bali mji haukukoma. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa, Mpanda ukawa makao makuu yake. Basi watu wengi hutafuta viwanja: wengine wapate kukaa, wengine wapate kupangisha nyumba, wengine wapate kuuza baadaye kwa faida. Miongoni mwao wamo Wakristo, nao huja na maswali. Yatupasa kuyajibu kwa Neno la Mungu.

Wa kwanza huuliza: Je, ni dhambi kununua ardhi nipate faida? La, kununua si dhambi. Ibrahimu alinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha. Yeremia naye alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, huku adui ameuzingira mji na yeye mwenyewe amefungwa. Mungu hakumkemea, bali ndiye aliyemwagiza. Lakini Isaya awaonya wenye kuunganisha nyumba na nyumba hata maskini akose mahali pa kukaa. Faida ni halali. Ulafi si halali.

Wa pili huuliza: Nitajuaje kwamba sidanganywi? Mtazameni Yeremia. Alipima fedha kwa mizani, akaandika hati, akaweka mashahidi, akaitia muhuri, akamkabidhi Baruku mbele ya watu wote walioketi uani. Hapana neno lililofanyika gizani. Nawe fanya vivyo hivyo. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uulize ni jina la nani lililoandikwa. Waulize majirani wa pande zote nne mipaka iko wapi. Mwenyekiti wa mtaa na awepo. Mke wa muuzaji aulizwe kwa kinywa chake mwenyewe, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mkewe. Mwenye kukuharakisha, akisema wanunuzi wengine wangoja, huyo mwogope.

Wa tatu husema: Muuzaji ni ndugu yangu katika Kristo; nikidai maandiko, je, sitamwaibisha? Kumbukeni, Hanameli alikuwa mwana wa amu yake Yeremia, na hata hivyo waliandika. Hati si alama ya chuki. Hulinda upendo, ili watoto wetu wasije wakagombana juu ya maneno ya wafu.

Wa nne husema neno lililo zito kuliko yote: Karatasi zangu ni safi, na kiwanja nalipata kwa bei rahisi. Nina kosa gani? Ndugu, uliza kwanza kwa nini ni rahisi. Tuseme mume amekufa, na ndugu zake wanauza kiwanja kabla matanga hayajaisha. Mjane yumo ndani na watoto, wala hakuulizwa. Mnunuzi alipa, mashahidi watia sahihi, na mama yule atolewa na vyombo vyake. Mwizi ni nani hapo? Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Martin Luther aieleza Amri ya Tisa hivi: tusiutafute urithi wala nyumba ya jirani kwa hila, wala tusijipatie kwa sura ya haki. Angalieni, kwa sura ya haki! Alijua ya kuwa karatasi yaweza kuwa safi na mkono ulioishika ukawa mchafu. Yezebeli naye alikuwa na barua zenye muhuri, alikuwa na mashahidi. Lakini damu ya Nabothi ililia.

Kwa hiyo nawasihi ninyi wainjilisti na waalimu, ambao huitwa mara nyingi kuwa mashahidi: msitie sahihi kabla ya kufika mahali penyewe, na kuuona uso wa kila mtu akaaye pale. Sahihi yenu si wino tu. Ni neno mlilolisema mbele za Mungu.

Wa mwisho huuliza: Nikiisha kupata hati, je, ardhi ni yangu kabisa? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Wewe umepewa haki ya kuitumia, na muda wa hati hauzidi miaka 99. Na Walawi 25 yatufundisha zaidi: nchi ni ya Bwana, nasi ni wageni na wapangaji kwake. Basi mpangaji wa Mungu amtendeje mpangaji wake? Kwa haki, na kwa huruma.

Hati ya Yeremia ilitiwa katika chombo cha udongo ikae siku nyingi, kwa kuwa Mungu aliahidi nyumba na mashamba yatanunuliwa tena. Nasi tununue kwa namna hiyo, hati zetu ziweze kufunguliwa hata siku ile ya mwisho, tusione haya.

Ee Bwana, utuepushe na tamaa, uwalinde wajane na yatima katika nyumba zao, utupe sote kao lisiloondoshwa. Amina.