Kukisia Bei, Mchezoni na Mpakani

Baadhi ya ndugu wahudhuriao darsa wametuuliza: mchezo wa kukisia bei uonyeshwao katika televisheni, je, ni kamari? Wakautaja ule wa Marekani uitwao The Price Is Right, ulioanza mwaka 1956 na kurudi kwa sura mpya mwaka 1972. Huonyeshwa kitu, jokofu au motokaa, bei yake ikafichwa. Washindani wanne wakakisia, na aliyeikaribia zaidi pasi na kuipita ndiye mshindi.

Jibu letu ni fupi. Kamari ni kila mmoja kuiweka mali yake hatarini, ama atwae ya mwenziwe ama aikose yake. Mshindani wa mchezo huu hatoi hata senti. Akikosa, hurudi kwao kama alivyokuja. Hatuoni kuwa hiyo ni kamari, ingawa hatuusifu mchezo uwafundishao watu kulipigia jokofu vigelegele kana kwamba ni mtoto aliyezaliwa.

Lakini swali hilo limetufungulia jingine lililo zito zaidi. Mwaka 2008 mshindani mmoja, Terry Kniess, alitaja jumla ya bei ya zawadi zake, dola 23,743, asikosee hata dola moja. Watu walistaajabu, na wengine wakashuku hila. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa ameutazama mchezo ule kwa miezi na kuzihifadhi bei, kwani vitu vile vile hurudiwa. Basi huyo hakuwa akikisia; alikuwa akijua. Na mjuzi wa bei akikutana na asiyeijua, ana haki gani juu yake?

Tutazame Busia na Malaba, mipakani mwa Uganda, ambako hupita shehena zitokazo Kilindini kwetu kwenda Kampala, na ambako watu wetu hawakosekani katika biashara. Mchezo huo huchezwa huko kila siku, pasi na taa wala makofi. Mkulima huvuka na mahindi, ndizi au trei za mayai. Bei ya Nairobi haijui. Aijuayo ni haja yake, karo ya mtoto na nauli ya kurudia. Dalali humlaki njiani kabla hajalifikia soko, akamwambia, “Sema wewe bei yako,” ilhali bei ya Nairobi ya asubuhi ile imo katika simu mfukoni mwake. Tena fedha ni mbili, kwani shilingi yetu ya pamoja iligawanyika mwaka 1966, na leo moja ya Kenya hupata zaidi ya 25 za Uganda. Maskini yule hukisia mara mbili. Mchezoni akisiaye vibaya hapotezi kitu. Huyu hupoteza jasho la msimu mzima.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuwalaki wenye misafara kabla hawajafika sokoni, na akampa muuzaji hiari ya kuuvunja uuzaji ule akishafika. Hakumkataza mnunuzi faida, wala hakumlazimisha kutangaza siri za biashara yake. Alilokataza ni kumzibia mwenzio njia ya kuijua bei.

Watasema madalali: “Ameridhia mwenyewe, nasi tumegharimika kuzipata habari.” Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau, maana kujua bei ni kazi kama kazi nyingine. Lakini ridhaa ya aliyefichwa ni ridhaa ya nini? Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama mpakani. Lau mtu angalipata habari ile saa chache mbele, angalikuwa na haki ya kuuzuia mzigo wake. Kumuuzia mwenziwe kwa bei ya jana, huku akijua njia imefungwa, tusingalikuita biashara.

Na asiyeulizwa akanyamaza? Hapa wenzetu wa darsa walihitilafiana. Mmoja alisema leo kila mtu ana simu, basi asiyeuliza bei amejidhulumu. Mwingine akajibu kuwa yule mama wa mayai ana simu, ila hana wa kumpigia Nairobi. Sisi twaelekea kwa huyu wa pili. Dalali akiulizwa, na aseme kweli au aseme wazi kwamba hatasema. Na asipoulizwa, amwache mama yule apite na trei zake mpaka sokoni, azisikie bei kwa masikio yake, kisha amnunulie hapo.