Fadhila, Deni na Mali ya Yatima

Tao la Cinquantenaire mjini Brussels lilikamilika mwaka 1905, kwa fedha ambazo Mfalme Leopold II alizichuma Kongo. Ukitoka hapo kwa miguu, baada ya dakika chache unafika kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya, ambako hupangwa misaada ya maendeleo kwa Afrika. Sitaki kujenga hoja juu ya ujirani wa majengo. Majengo hayana dhamira. Swali langu ni la jina: kinachotoka katika ofisi za namna hiyo kwenda Kongo tukiite nini?

Tuanzie mwaka 1908, Ubelgiji ilipoitwaa Kongo kutoka mikononi mwa mfalme. Ilikubali kubeba madeni ya Dola Huru la Kongo, faranga milioni 110, ikatenga milioni 45.5 za kumalizia majengo aliyoyapenda Leopold, kisha ikamwahidi milioni nyingine 50 kuwa shukrani kwa jinsi alivyojitolea kwa ajili ya Kongo. Hizo milioni 50 zilitarajiwa kutoka Kongo kwenyewe. Namwomba msomaji asipite hapa haraka. Waliokatwa mikono ndio waliotakiwa kushukuru, tena kwa fedha taslimu.

Mwaka 1960, siku chache kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni, sheria ya Ubelgiji iliyaruhusu makampuni ya koloni kuhamia chini ya sheria za Ubelgiji, na mengi yakahama. Dola changa likaachiwa mzigo wa madeni ya umma. Ugomvi juu ya madeni hayo na hisa za koloni uliendelea hadi Februari 1965, Moïse Tshombe alipotia saini mapatano na Paul-Henri Spaak hapa Brussels.

Wapo watakaosema kwamba jina halina uzito: mtoto wa Bukavu anayechanjwa leo hajali kama chanjo ni zawadi au ni malipo. Kwa mtoto huyo, kweli. Lakini fadhila na deni huwaweka watu wawili katika mahali tofauti kabisa. Mpokea fadhila hupangiwa masharti, hukaguliwa, na hutarajiwa kusema asante. Anayelipwa deni huhesabu, na zikipungua hudai. Anayetoa fadhila anaweza kuacha mwakani bila kumkosea mtu.

Watu wa pwani yetu wanaujua vizuri mfano wa msimamizi wa mali ya yatima. Ubelgiji ilipenda kujiita mlezi wa Wakongomani, basi tuuchukue ulezi huo kwa uzito wake. Msimamizi aliyekula mirathi, kisha kila Idi akamletea yatima kanzu mpya, hawezi kuiita kanzu hiyo sadaka mpaka hesabu ya mirathi ifunguliwe. Huenda anampenda yatima kwa dhati. Mapenzi hayo hayafuti hesabu.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni hili: Mobutu, aliyetawala kuanzia 1965 hadi 1997, naye aliila mali hiyohiyo. Ndiyo. Hata hivyo, yatima akiwa na kaka mwizi, deni lake haligeuki kuwa zawadi. Linalobadilika ni uangalifu wa namna ya kulilipa, na nani akabidhiwe.

Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe alieleza majuto makubwa, bila kuomba radhi. Desemba ya mwaka huohuo, tume ya bunge la Ubelgiji iliyoanza mwaka 2020 kuchunguza historia ya ukoloni ilimaliza kazi bila azimio, kwa kuwa vyama vilishindwa kukubaliana juu ya neno la kuomba radhi; baadhi vilihofia kwamba lingefungua mlango wa madai ya fidia. Mimi naiheshimu hofu hiyo kuliko hotuba nyingi za mshikamano nilizozisikia. Waliohofu walielewa kwamba neno moja linaweza kuhamisha fedha kutoka safu ya zawadi hadi safu ya madeni. Neno halikutamkwa, na fedha za Kongo zikabaki zilipokuwa, chini ya kichwa cha ushirikiano wa maendeleo.