Subira ya Mvuvi na Subira ya Mkimbizi

Mwanafunzi wa Kiswahili afikaye Lilongwe hana budi kushangaa aonapo neno “chambo” kwenye orodha ya vyakula. Kwetu chambo ni kile kitiwacho katika ndoana ili samaki adanganyike. Kwa Wamalawi ni samaki mwenyewe, mmoja wa wale wapendwao sana katika ziwa lao. Neno ni moja, maana mbili. Nilipowaeleza wanafunzi wangu wa Dzaleka, walicheka sana. Baadaye nilikutana na fumbo jingine la namna hiyo, lisilochekesha.

Nilikuwa Lilongwe kwa ruhusa ya siku moja, nikaona gari kubwa lililofanywa nyumba, lenye vitanda na jiko ndani yake. Wenyewe, mume na mke wa makamo, walikuwa wakielekea uwanda wa juu wa Nyika, kaskazini, kupiga kambi na kuvua trauti, samaki wa kigeni aliyeletwa katika maji ya milimani enzi za Waingereza. Uvuvi huo hautumii chambo cha kuliwa: ndoana huvishwa manyoya na nyuzi hata ifanane na nzi, kisha mshipi hurushwa juu ya maji, tena na tena. Yule bwana alikuwa bado akijifunza, na samaki aliowapata aliwarudisha majini. “Sitafuti kitoweo,” aliniambia, “natafuta subira.”

Nikarudi Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Huko subira haitafutwi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi. Na wako waliozaliwa kambini ambao sasa ni watu wazima.

Je, subira hizi mbili ni fadhila moja? Twawafundisha watoto kwamba subira yavuta heri. Lakini angojaye huku ufunguo wa gari umo mfukoni mwake, akichoka huondoka. Asiye na ufunguo hana la kuchagua, na kumsifu kwa subira yake yaweza kuwa njia ya upole ya kumnyima haki yake. Hapo sifa huwa chambo, kwa maana yetu, si ya Wamalawi.

Hata hivyo, sikubali kwamba subira ya lazima haina thamani. Kungoja hatukukuchagua, namna ya kungoja ni yetu. Mama apandaye mboga kando ya nyumba ya udongo, na kijana akaririye ngeli za majina chini ya bati lenye joto, hawangoji tu: wanajenga. Hiyo ndiyo hiari iliyobaki, nayo ndiyo istahiliyo sifa.

Simlaumu yule mvuvi. Kupumzika si dhambi. Ombo langu ni kwa mwalimu mwenzangu: atakapoiandika ubaoni methali ile, na awaulize wanafunzi kwanza, ni nani angojaye, na ni nani amngojeshaye?