Mungu Aliyejipanga Foleni

Krismasi ikifika Sangailu haisikiki. Tarehe 25 Desemba ofisi za serikali zimefungwa kwa sheria ya Jamhuri, lakini maduka yako wazi, ng'ombe wamekwenda malishoni, na adhana ya alfajiri imeita kama ilivyoita jana. Hii ni nchi ya Wasomali Waislamu, kusini mwa Garissa, upande wa Ijara, karibu na msitu wa Boni. Wakristo wake wengi ni watu waliofuata kazi: mwalimu, muuguzi, askari. Mwenye ruhusa ameshapanda gari kwenda kwao Kitui au Kakamega. Anayebaki, kwa kuwa zamu imemwangukia au kwa kuwa mvua za mwisho wa mwaka zimeharibu barabara, hana kwaya, hana mbuzi wa ukoo, hana nguo mpya za watoto za kumwonyesha mtu. Ana siku yenyewe tu.

Nathubutu kusema kwamba huyo amepata Krismasi iliyo karibu zaidi na ile ya kwanza. Si kwa sababu ya upweke; upweke haumtakasi mtu, mara nyingi humchosha tu. Ni kwa sababu anaishi na jirani ambaye atamuuliza swali ambalo Nairobi hakuna wa kumuuliza.

Swali hilo huja kwa upole, juu ya chai ya maziwa: "Mwalimu, Nabii Issa tunamwamini, na mama yake tunamheshimu. Lakini Mungu anyonye? Mungu alale njaa, aoshwe, abebwe?" Anayeuliza si mgeni wa habari hizi. Katika Kurani iko sura nzima yenye jina la Mariamu, inayomwonyesha akishikwa na uchungu wa kuzaa chini ya mtende, peke yake, akitamani lau angekuwa amekufa kabla ya siku hiyo. Wakristo wachache hukumbuka uchungu huo. Katika michoro yetu Mariamu amekwisha kujifungua na kanga zake ni safi. Jirani anaukubali uzazi wa bikira, anaukubali muujiza. Anachokikataa ni kimoja: kwamba Mwenyezi Mungu, ambaye kila kiumbe kinamhitaji naye hahitaji chochote, aweze kuhitaji maziwa.

Mkristo mwenye haraka hulijibu swali hili kwa kulipunguza. Atasema Krismasi ni siku ya kuzaliwa, ni siku ya upendo, ni siku ya zawadi. Mimi naona jirani amegusa penyewe. Kama kuna jambo ambalo imani ya Kikristo inasimama au kuanguka nalo, ni hilo la maziwa.

Watu hupenda kuuliza Krismasi ina maana gani kwa Mungu mwenyewe. Ni swali la kutia hofu, maana nani amekaa kwenye kiti hicho akaturudishia habari? Tulichonacho ni tendo lake tu, kama Mkristo analiamini, na mtu hujulikana kwa anachochagua akiwa na uwezo wa kuchagua kingine. Sisi tumezoea kulitazama tendo hilo tukiwa upande wa kupokea: tumepewa Mwana, tumepewa wokovu, basi na tupeane sukari na vitenge. Lakini zawadi mfalme anaweza kuituma bila kuondoka barazani. Ukijaribu kulitazama jambo kutoka kule juu, unachokiona kwanza ni mwenye kila kitu akijiweka mahali ambapo lazima apewe: apewe ziwa, apewe nafasi ya kulala, apewe jina kwenye daftari la mtu.

Daftari hilo Luka hakuliacha. Anaanza habari yake na Kaisari Augusto, amri ya kuhesabiwa, Kirenio liwali wa Shamu, na fundi wa Nazareti anayelazimika kusafiri na mchumba wake mjamzito mpaka Bethlehemu kwa sababu ndiko asili ya ukoo wake. Wasomaji wengi huipita aya hiyo mbio wafike kwa malaika. Msomaji wa Garissa hawezi kuipita. Yeye anajua maana ya serikali kukuuliza asili yako. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya, raia waliozaliwa humu na wazazi waliozaliwa humu, walipangwa wakaguliwe upya na kupewa kadi ya ziada kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Kwa miaka mingi baadaye kijana wa kaunti hizi za mpakani akitaka kitambulisho alihojiwa na kamati: babu yako nani, ukoo gani, chifu gani anakujua. Utaratibu huo Rais William Ruto alitangaza kuufuta akiwa Wajir mwezi Februari 2025. Hata kuhesabiwa kwenyewe kuna historia. Sensa ya 2009 ilipotoka, waziri alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, Lagdera ikiwemo, akisema watu wamezidi kiasi cha kuaminika.

Basi mtu wa huku akisoma kwamba Yusufu alikwenda kuandikishwa, yeye anaiona foleni. Anamwona karani. Anamwona mwanamke mjamzito asiye na pa kukaa, na hapo ndipo fundisho la Mkristo linapotisha: aliyezihesabu nyota anaingia katika hesabu ya Kaisari kama kichwa kimoja zaidi. Mungu angeweza kuzaliwa upande wa pili wa meza, upande wa muhuri. Hata unabii usingemzuia kuja kama mwana wa nyumba ya utawala. Daudi wa unabii huo alikuwa mfalme. Lakini Mungu aliuchagua upande wa kusubiri, na muda si mrefu, kwa Mathayo, familia hiyo hiyo inavuka mpaka usiku kwenda Misri kuukimbia upanga wa Herode. Dadaab, iliyopokea wakimbizi wa Somalia tangu 1991, iko katika kaunti moja na Sangailu. Sioni haja ya kueleza zaidi.

Anayehitaji yuko mikononi mwa wengine, na mikono hiyo hakuichagua. Hilo Wakristo wa kaskazini mashariki walilijua tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Krismasi. Basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Mwaka mmoja nyuma, katika basi jingine la Mandera, abiria walitengwa kwa dini na watu 28 wakauawa. Safari hii wapiganaji waliamuru hivyo hivyo, Waislamu wakae kando. Waislamu walikataa. Wanawake waliwafunika wenzao Wakristo kwa hijabu zao, na abiria wakawaambia wapiganaji waue wote au wawaache wote. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliokataa; alipigwa risasi, akafariki Nairobi Januari 2016. Mwaka ule Maulidi iliangukia mkesha wa Krismasi, ingawa sidhani kuna aliyekuwa na nafasi ya kuliwaza hilo ndani ya basi.

Nina wasiwasi na namna sisi Wakristo tunavyopenda kuisimulia habari hii. Hugeuka upesi kuwa mahubiri kuhusu uvumilivu, Salah Farah akafanywa Mkristo wa siri. Hakuwa. Alitenda kama Mwislamu, na heshima ni yake na ya dini yake. Kinachonihusu mimi ni upande wa waliofunikwa. Wiki ile hawakuwa na cha kumpa mtu yeyote. Walikuwa na uhai wao tu, nao ulikuwa kwenye kitambaa cha jirani. Hapo ndipo mtoto wa Bethlehemu alipokuwa, kwa mujibu wa Injili: upande wa anayefunikwa.

Kuhusu upande huo, kumbuka pia kwamba maaskofu Wakatoliki wa Garissa, Paul Darmanin, Joseph Alessandro na sasa George Muthaka, wote ni Wakapuchini, watoto wa Fransisko wa Assisi. Watu humkumbuka Fransisko kwa hori alilotengeneza Greccio mwaka 1223, nyasi kavu, ng'ombe na punda, ndiyo asili ya mapango ya Krismasi tunayoyaweka makanisani. Wachache hukumbuka kwamba miaka minne kabla yake alivuka mstari wa vita vya msalaba huko Damietta, bila silaha, akaenda kuonana na Sultani al-Malik al-Kamil. Aliporudi, aliwaandikia ndugu zake kanuni ya namna ya kuishi kati ya Waislamu, na jambo la kwanza ndani yake ni kwamba wasigombane wala kubishana, wawe chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu. Siwezi kuthibitisha kwamba hori la Greccio lilitokana na safari ya Damietta. Lakini mtu aliyewahi kusimama mikono mitupu mbele ya mwenyeji wake, akisubiri aamuliwe, sishangai akirudi nyumbani akatengeneza picha ya Mungu katika hali hiyo hiyo.

Jirani bado hajajibiwa, na hatajibiwa. Kwake utukufu wa Mungu ni kutohitaji, na naiheshimu imani hiyo kuliko ninavyouheshimu Ukristo unaosherehekea tarehe 25 bila kushtuka. Mkristo anasema neno gumu zaidi: kwamba Mungu alihitaji, na kwamba hakuacha. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba mwili ule ulivuliwa baada ya kazi kwisha. Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451 uliuunganisha ubinadamu na Uungu wake bila kutenganishwa, na Kupaa kwake kulikuwa kwa mwili wenye makovu. Kwa upande wa Mungu, basi, Krismasi haijawa kumbukumbu. Ni hali aliyoiingia na bado yumo, na mwalimu wa Sangailu anayesubiri Januari ndipo aende kwao hana sababu ya kudhani kwamba mwaka huu imempita.